Mablanketi Matatu ya Mkalimani

Garissa, mwezi wa Machi, saa saba mchana, mtu akijifunika blanketi majirani humwitia shehe aje amsomee. Bulle Shurie alikuwa amejifunika matatu, na mwili wake ulikuwa baridi kama mtungi.

Mkewe, Khadijo, ndiye aliyemkuta, Jumatatu hiyo ya tarehe sita, mwaka 1967, aliporudi kutoka kuuza maziwa sokoni. Alimtikisa, akamwita, akammwagia maji. Bulle alikoroma tu, kwa sauti nzito isiyokuwa yake. Wanaume wanne walimbeba na kitanda chake hadi hospitali. Daktari Wanjugu akamtia kipimajoto, akasubiri, akakitikisa, akamtia tena. Zebaki haikupanda hata mstari wa kwanza. Moyo ulikuwa unapiga mara thelathini kwa dakika. Saa nane na robo ukaacha kabisa.

Inspekta Mutiso alifika saa tisa. Alikuwa mtu mwembamba wa Machakos, mpole wa sauti, na sifa yake kubwa kituoni haikuwa upelelezi bali chai. Alitia sukari vijiko sita. Askari walisema chai ya Inspekta ikianguka haimwagiki, inavunjika.

Alifunua shuka, akatazama, akaifunika.

"Mmenikosea maiti," alisema. "Mimi nimeitwa kwa Bulle."

"Huyo ndiye Bulle," daktari alisema.

Mutiso alifunua tena. Alikuwa ametoka Mandera jana yake tu, baada ya miezi minne ya kufuata nyayo za waasi wa shifta ambao hawakuwa na tabia ya kuacha nyayo. Kabla ya hapo alifanya kazi miaka miwili na Bulle, mkalimani wa serikali, mtu mrefu mkavu, mashavu yameingia ndani, ulimi mwepesi kwa Kisomali, Kiswahili na matusi ya lugha zote mbili. Huyu aliyelala hapa uso ulikuwa umeumuka kama unga wa mahamri. Kope zimevimba, nyusi zimenyonyoka nusu, ulimi umejaa mdomo mzima. Daktari alimwonyesha kovu jembamba lililozunguka shingo kama uzi, na hapo tu ndipo Mutiso akakubali. Kovu hilo alilijua. Bulle alikuwa akiwatishia makuruta nalo, kwamba alichinjwa akapona.

Kituo kizima kilikuwa na mkalimani mmoja, na mkalimani huyo ndiye sasa alikuwa maiti.

Kesi ilikuwa imeshamalizwa na Elkanah. Huyu alikuwa kachero wa usalama kutoka Nairobi, kijana wa miwani myeusi ambayo hakuivua hata ndani ya nyumba, jambo lililomfanya agonge viti mara kwa mara. Alikuwa amemtia Khadijo mahabusu kabla maiti haijapoa, ingawa maiti hii ilikuwa imepoa hata kabla ya kufa.

"Sumu kwenye maziwa," Elkanah alisema. "Kaka wa huyu mwanamke yuko msituni na shifta. Mume anafanya kazi ya serikali. Unataka nini zaidi?"

"Sumu gani?"

"Hiyo atatueleza mwenyewe huko anakokwenda."

Huko kulikuwa kambi ya kizuizini, na msafara wa malori ulikuwa unaondoka Ijumaa asubuhi. Waliopanda malori hayo hawakurudi upesi, na wengine hawakurudi. Mutiso aliomba apewe mpaka Alhamisi jioni. Elkanah alikubali, kwa vile alikuwa na hakika, na mtu mwenye hakika huwa mkarimu.

*

Khadijo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, macho makavu, Kiswahili chake cha sokoni. Hakukuwa na mkalimani wa kumsaidia, sababu inajulikana.

"Mimi si naua yeye, afande. Mimi iko Takaba. Mama nagonjwa."

"Ulikwenda lini, ukarudi lini?"

"Nakwenda mwezi ya kumi na moja, mwisho. Narudi Febari, kumi na nane. Karatasi ya bolisi iko."

Karatasi ilikuwepo kweli, kibali cha kusafiri chenye mihuri ya kutoka na kuingia. Mutiso alimwuliza mumewe alikuwaje siku aliyorudi kutoka Takaba. Khadijo akaeleza polepole. Aliposhuka kwenye lori aliona mtu mnene amesimama, uso mkubwa, koti juu ya koti katika jua lile. Akampita. Mtu yule akamwita jina, na sauti haikuwa ya mumewe.

"Mimi nabita bwana yangu," alisema, "kama mtu ya njia."

Dawa je, alikuwa akitumia dawa? Khadijo alisema kimoja kila alfajiri, tumbo tupu, kisha anakaa hana chai hana chochote mpaka jua liingie mlangoni. Hakukosa hata siku moja. Angeweza kusahau swala, alisema, na mara hiyo ya kwanza akafuta chozi, lakini si kidonge chake.

Chupa ilipatikana kwenye mfuko wa koti la marehemu. Mutiso akaibeba kama yai mpaka kwa daktari.

Daktari Wanjugu alikuwa amehamia Garissa mwezi mmoja tu uliopita na bado alikuwa na adabu ya mgeni. Alieleza bila haraka. Bulle alipasuliwa Nairobi mwaka wa sitini na moja, akaondolewa tezi ya shingo. Tezi hiyo ndogo ndiyo huupa mwili moto na mwendo. Asiyekuwa nayo humeza kidonge chenye kazi yake kila siku mpaka kufa.

"Na asipomeza?"

"Anazimika polepole, kama jiko lisilotiwa mkaa. Anavimba, anasikia baridi, sauti inakuwa nzito, akili inalala. Mwishoni mwili mzima unalala. Bulle alikuwa na homa ya mapafu pia, ndiyo iliyomsukuma mwisho."

"Lakini huyu alikuwa anameza."

"Ndiyo linalonitatiza."

Kijikaratasi cha posta kilichokuwa mfuko huo huo kilionyesha Bulle alichukua chupa hiyo mwenyewe, imefungwa kwa nta, vidonge mia, tarehe kumi na mbili Desemba, na nyuma yake aliandika kwamba ameifungua siku hiyo hiyo. Mutiso alivimwaga juu ya meza, akavihesabu. Kumi na sita. Kutoka Desemba kumi na mbili mpaka Machi tano ni siku themanini na nne. Hesabu ya kidato cha pili: hakukosa hata siku.

Mutiso alichukua kidonge kimoja, akakilamba. Daktari akashtuka. Mutiso akakilamba tena.

"Daktari, dawa hii huwa tamu?"

"Haina ladha."

"Basi onja."

Daktari alionja, akakaa chini. Ilikuwa sakarini, vile vidonge vidogo vyeupe wanavyopewa wagonjwa wa kisukari watie kwenye chai. Garissa nzima, mji ambao watu hunywa chai ili wapate sababu ya kula sukari, hakuna duka lililowahi kuviuza. Vilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya stoo ya hospitali. Ufunguo ulikaa na mtoa dawa, Alio Guleid, ila mchana mlango ulikuwa wazi na kila mtu alipita.

"Sasa niambie kitu kimoja tu," Mutiso alisema. "Aliacha kupata dawa ya kweli lini? Juzi? Wiki iliyopita?"

"Dawa hii ni ya taratibu, Inspekta. Iliyo ndani ya damu huchukua wiki nyingi kwisha. Mpaka mtu afike pale alipofika Bulle, hesabu wiki kumi, kumi na mbili."

Mutiso alivirudisha vidonge chupani. Wote walikuwa wanaulizana nani alimpa Bulle maziwa Jumatatu asubuhi. Jumatatu haikuwa na maana. Mtu huyu aliuawa mwezi wa Desemba, akaendelea kwenda kazini.

*

Jumatano alikwenda kwenye kizuizi cha daraja. Koplo Kasyoka, mkuu wa zamu, alikuwa na jambo ambalo hakutaka kulisema, na Mutiso alilisoma usoni kabla ya salamu kwisha.

"Tarehe tisa Februari," Kasyoka alisema hatimaye, akafungua kitabu cha matukio. "Kulikuja mtu na kitambulisho cha Bulle. Nikatazama picha, nikatazama mtu. Nikamwambia, wewe si Bulle. Akaniambia, Kasyoka, ni mimi. Alizungumza kama mlevi. Nikamwambia mimi simjui, nikamrudisha."

"Mlikuwa mnacheza bao pamoja."

"Ndiyo, afande. Alikaa pale kwenye jiwe mpaka alasiri. Alikuwa analia."

Mutiso alitoa daftari lake. Aliandika tarehe akaondoka.

Kitabu cha wagonjwa hospitalini kilikuwa na zaidi. Bulle alifika kwenye dirisha la dawa Januari mwishoni na tena Februari, akilalamikia baridi na uvimbe. Mara zote mbili hakupelekwa kwa daktari. Alipewa dawa ya malaria. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtu aliyesoma: wa Alio Guleid.

Hilo lingeweza kuwa uzembe. Mutiso alitaka kujua chupa ililala wapi mwezi wa Desemba. Kwa jirani yake Bulle, mama mmoja mzee aliyeitwa Lul, alipata alichotaka pamoja na kikombe cha chai iliyomridhisha.

"Ramadhani yote Bulle si nalala hapa, kijana yangu," Lul alisema. "Mke hayuko, nani nabika futari? Nakula kwa rafiki yake."

"Na kulala?"

Lul alimtazama kwa huruma. "Wewe ni bolisi, unauliza mimi? Saa kumi na mbili mtu natoka nje, nyinyi nabiga risasi."

Mutiso alicheka peke yake, kicheko kisicho na furaha. Mfungo ulikuwa umeanza katikati ya Desemba, na amri ya kutotoka nje ilianza saa kumi na mbili jioni. Futari ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Mwaka ule, Garissa, ulipofuturu ndipo ulipolala. Serikali yenyewe ilikuwa imemfungia Bulle usiku thelathini ndani ya nyumba moja, yeye na koti lake na chupa yake mfukoni.

"Rafiki gani huyo, mama?"

"Alio. Wa hosbitali. Wamekua pamoja toka madrasa, kama ndugu."

*

Alhamisi, saa tisa alasiri, Alio Guleid aliingia ofisini kwa Mutiso. Alikuwa mtu safi wa miaka arobaini, shati jeupe limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Mutiso alimwambia hakumwita kama mshukiwa. Alimwita kama mtaalamu, amweleze dawa ya marehemu. Birika la chai lilikuwa mezani. Chupa ya Bulle nayo ilikuwa hapo.

Alio alieleza vizuri kuliko daktari. Kidonge kimoja, tumbo tupu, maji matupu, nusu saa kabla ya chakula.

"Na mwezi wa mfungo?"

"Bulle aliniuliza hilo. Nikamwambia ameze wakati wa daku, kabla hajala. Nilikuwa nikimwamsha mwenyewe."

"Kila siku?"

"Kila siku. Dawa hii inataka saa yake."

"Akimeza zaidi ya kimoja?"

"Vibaya sana. Moyo unakimbia, mikono inatetemeka. Mwenye moyo dhaifu anaweza kufa."

"Unaona, ndiyo maana nimekuita," Mutiso alisema. Akajimiminia chai, akafungua kopo la sukari, akalipindua. Tupu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeonewa. Kisha akaifungua chupa ya Bulle na kudondosha vidonge kikombeni, kimoja baada ya kingine, akivihesabu kwa sauti mpaka sita. Akakoroga.

Alio alitazama kijiko kikizunguka.

Mutiso akanywa. Akanywa tena. Akaweka kikombe chini.

"Imekolea," alisema. "Bwana Alio, umekuwa mtoa dawa miaka mingapi?"

"Kumi na moja."

"Sasa hivi umeniambia ikizidi mtu anaweza kufa. Nimetia sita mbele ya macho yako, na hukuinua hata kidole. Kwa hiyo ni moja kati ya mawili. Ama unataka nife, ama unajua hii ni sakarini."

Jasho lilikuwa limeanza kuchora mstari kwenye shati lile la pasi.

"Sina haraka," Mutiso aliendelea. "Mwenye haraka ni Khadijo. Lori lake linaondoka kesho. Wakifika huko watapangwa mstari, na ofisa atauliza kama kuna mtu anayemjua mwanamke huyu. Utaratibu ndio huo. Na hatakuwepo mtu, kwa sababu mumewe amekufa."

"Umesema nini?"

"Nimesema ataulizwa kama kuna anayemjua."

Alio aliinama, akafunika uso kwa viganja. Alipoinuka alikuwa mtu mwingine, mzee zaidi.

"Andika," alisema. "Khadijo hana kosa. Maziwa yake ni maziwa tu."

Mutiso alimpa onyo kama sheria inavyotaka, kwamba si lazima aseme lolote na kwamba atakalosema laweza kutolewa mahakamani. Alio alisema ameelewa. Kisha akaeleza, bila kupandisha sauti.

Alikuwa na mdogo wake, Bare, miaka kumi na tisa. Mwezi wa Oktoba kulikuwa na msako, vijana wakapangwa uwanjani. Aliyetambuliwa na mtumishi wa serikali aliachiwa. Asiyetambuliwa alipandishwa lori. Bulle alisimama kando ya ofisa, kazi yake ikiwa kutafsiri. Ilipofika zamu ya Bare, kijana hakuogopa, hata alitabasamu. Bulle alikuwa amemfundisha kuogelea mtoni. Ofisa akauliza, unamjua huyu?

"Akasema simjui." Alio alitazama chupa. "Waliokuwa kwenye mstari walisikia. Mmoja aliachiwa, akaja akaniambia. Bare aliugua tumbo huko kambini. Wiki tatu tu, akafa."

"Kwa nini Bulle aseme hivyo?"

"Shemeji yake yuko msituni. Alikuwa anaogopa akionekana anajua watu wengi, wataanza kumwuliza anawajua vipi." Alikohoa. "Mimi ningemsamehe, Bwana Inspekta. Wallahi. Usiku wa kwanza wa futari nilibadilisha dawa. Nilivihesabu, tisini na saba vyake, nikatia tisini na saba vya sakarini. Vyake sikuvitupa. Nikasema leo atanieleza. Tunakula sahani moja, mlango umefungwa, hakuna wa kutusikia. Akinieleza tu, nitamrudishia, hata asijue. Siku kumi, siku ishirini. Aliniombolezea Bare, aliniombea dua. Lile neno hakulisema. Usiku thelathini."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo alianza kuvimba." Alio alipangusa paji la uso. "Nilikuwa najua itakavyokuwa, nimesoma. Uso unapotea. Sauti inapotea. Nilitaka siku moja asimame mbele ya mtu aliyekula naye, aseme ni mimi, na mtu huyo amwambie simjui. Nikasikia imetokea darajani. Nikasema basi, imetosha, kesho namrudishia dawa. Kesho yake alikuja dirishani, na mimi nikampa ya malaria."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu aliniuliza habari za mama yangu. Na bado hakusema."

Mutiso aliacha kuandika. Nje makuruta walikuwa wanacheka kwa jambo lao.

Kopo la dawa ya kweli lilipatikana nyumbani kwa Alio, juu ya boriti, vidonge vyote tisini na saba, vikavu, salama. Elkanah aliletewa maelezo yaliyotiwa sahihi, akayasoma mara mbili. Ilibidi avue miwani. Alisema kwamba hata hivyo maziwa yangechunguzwa, akagonga kiti, akaenda kufuta jina moja kwenye orodha ya msafara.

Alio alikuwa bado amekaa ofisini, pingu mikononi, alipoona karatasi nyingine mezani. Ilikuwa fomu ya kutambua maiti. Ilikuwa wazi tangu Jumatatu, kwa sababu mtu wa kuijaza alikuwa mahabusu, na Bulle hakuweza kuzikwa bila hiyo.

"Nipe niandike mimi," Alio alisema. "Nimemjua miaka thelathini na tano."

"Hapana," Mutiso alisema. "Wewe ulipata nafasi yako dirishani, mara mbili."

Alikwenda kumfungulia Khadijo mwenyewe. Walitembea mpaka hospitali, Koplo Kasyoka akifuata nyuma, kofia mkononi. Daktari alifunua shuka. Khadijo aliutazama uso ule mkubwa usiokuwa wa mtu yeyote, kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole kwenye kovu la shingoni, akalifuata kutoka upande mmoja mpaka wa pili.

Mutiso alisoma swali la fomu kama lilivyoandikwa. Je, unamtambua marehemu?

"Mimi namjua," Khadijo alisema. "Huyu namjua."

Mutiso akaandika.